Hagi, mji ambako bakuli la chai hupendeza kadiri linavyotumika

Treni ya mwendo kasi haifiki Hagi. Anayekwenda huko hushuka stesheni ya Shin-Yamaguchi, magharibi mwa Japani, kisha hupanda basi linalokatiza milima kwa saa moja na zaidi mpaka upande wa pili wa kisiwa, kwenye bahari inayotazamana na Korea. Mji wenyewe ni mdogo, wakazi wake hawafiki 50,000, na sehemu yake ya kale imekaa katikati ya mito miwili, Hashimoto na Matsumoto. Mitaa ya samurai bado ipo, na juu ya kuta zake nyeupe huchungulia matawi ya michungwa.

Michungwa hiyo ina kisa chake. Utawala wa mabwana wa zamani ulipovunjwa katika karne ya 19, samurai walipoteza posho zao na njaa ikabisha hodi. Familia nyingi zilipanda machungwa makubwa machachu kwenye viwanja vyao ili zipate cha kuuza. Leo watalii huyapiga picha.

Lakini wengi wanaofunga safari ndefu hiyo hawafuati machungwa. Wanafuata mabakuli ya udongo ya kunywea chai.

Kwa jicho lisilozoea, bakuli la Hagi halina la kumvutia mtu. Rangi yake ni ya uji wa ulezi uliotiwa maziwa, au waridi hafifu, au nyeupe iliyopakwa kwa wingi kama krimu. Halina maua wala pambo la dhahabu, na mdomo wake mara nyingine umepinda kidogo. Chini, kwenye kitako, kuna pengo lililokatwa kwa makusudi, kama vile mtu alimega kipande. Mama anayeona bei yake dukani anaweza kudhani wamekosea kuandika sifuri. Kikombe cha kawaida cha chai hupatikana kwa yeni elfu chache, lakini bakuli la mfinyanzi mwenye jina huuzwa kwa mamia ya maelfu ya yeni, na mengine huvuka milioni.

Kinachouzwa hapo si uzuri wa siku ya kununua. Udongo wa Hagi, hasa ule unaoitwa Daido, ukichomwa hubaki na vitundu vidogo vingi, haukazi kama kaure. Juu yake hupakwa dawa ambayo motoni hugeuka tabaka jembamba la kioo, na tabaka hilo likipoa hupasuka nyufa nyembamba kama nyuzi za buibui. Chai hupenya humo. Mwaka wa kwanza nyufa huanza kuonekana kwa rangi ya kahawia. Miaka ikipita, bakuli zima hubadilika, hupata mabaka, huiva. Wajapani wana msemo kwamba bakuli la Hagi hugeuka mara saba. Yapo hata mabaka yanayopewa jina la mvua iliyovuja, kwa kuwa yanafanana na madoa ya dari iliyovujiwa, na wakusanyaji huyatafuta kwa hamu.

Kwa hiyo bakuli lililofungiwa kabatini miaka thelathini hubaki vilevile, changa, na bakuli alilolitumia bibi kila juma hupata sura ambayo haiwezi kununuliwa dukani. Jambo hili linagusa nyumba nyingi za kwetu, zenye kabati la vioo lenye vyombo vya wageni, na wageni wenyewe wanaotarajiwa hawafiki. Vyombo vile huishia kurithiwa vikiwa vipya, na mrithi hajui hata mmoja alikuwa akipenda kunywea kipi.

Ladha hii ya vitu vinyonge haikuanzia Hagi. Katika karne ya 16 bwana wa chai Sen no Rikyu, aliyefariki mwaka 1591, aliwaelekeza Wajapani mbali na vyombo vya fahari kutoka China. Yeye na wenzake walipenda chumba kidogo, mlango mdogo wa kuinama, na bakuli lisilojigamba. Mabakuli waliyoyathamini zaidi yalitoka Korea, na inaaminika kwamba mengi yalikuwa ya watu wa kawaida, ya kulia wali tu.

Moja la aina hiyo liko Kyoto, ndani ya hekalu la Daitoku-ji, katika sehemu iitwayo Koho-an. Linaitwa Kizaemon, kwa jina la mfanyabiashara aliyekuwa nalo zamani. Inasimuliwa kwamba kila aliyelimiliki alipata majipu. Bwana Matsudaira Fumai, mkusanyaji mkubwa wa vyombo vya chai, naye alilinunua na naye akaugua, na mkewe akamsihi aachane nalo. Hakukubali. Baada ya kifo chake mwanawe naye akapata majipu, ndipo familia ikalipeleka hekaluni. Leo ni Hazina ya Taifa. Mwandishi Yanagi Soetsu alipoonyeshwa bakuli hilo mwaka 1931 alishangaa jinsi lilivyo la kawaida kabisa, na akaandika kwamba ukawaida huo ndio uzuri wake. Mwenye moyo wa kukusanya vitu atajua kwamba majipu peke yake hayatoshi kumfanya mtu auze.

Sasa turudi Hagi, kwa sababu hapa hadithi ina uchungu wake.

Kati ya 1592 na 1598, mtawala wa Japani Toyotomi Hideyoshi alituma majeshi kuivamia Korea mara mbili. Majenerali waliporudi walikuja na mateka, na miongoni mwao walikuwamo wafinyanzi. Baadhi ya Wajapani huviita vita hivyo Vita vya Vyungu. Mōri Terumoto, bwana wa eneo hili, alipata ndugu wawili, Yi Jak-gwang na Yi Gyeong. Terumoto aliposhindwa katika vita vya mwaka 1600 alinyang'anywa sehemu kubwa ya ardhi yake, na mwaka 1604 akaanza kujenga ngome yake Hagi, pembezoni mwa nchi. Ndugu hao wakaja naye. Tanuri walilojenga kijijini Matsumoto likawa la kumtengenezea bwana vyombo vya chai.

Mwaka 1625 mdogo wao alipewa jina la Kijapani, Saka Koraizaemon. Ndani ya jina hilo limo neno Korai, yaani Korea. Jina hilo limerithishwa kizazi hadi kizazi mpaka karne hii. Kila anayelipokea anabeba pamoja nalo nchi ambayo babu yake wa kwanza alitolewa akiwa mateka. Maduka huwa hayaandiki hilo kwenye kadi ya bei, ila mzazi anayepita na watoto wakubwa ana sababu ya kuwaeleza. Bakuli zuri linaweza kuwa na mwanzo mbaya, na mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kuyabeba yote mawili kichwani bila taabu.

Familia nyingine inayotajwa sana ni ya Miwa. Mkuu wake wa kizazi cha kumi aliteuliwa mwaka 1970 kuwa miongoni mwa wale ambao Wajapani huwaita hazina hai za taifa. Mdogo wake, aliyemrithi, akapata heshima hiyohiyo mwaka 1983. Mweupe wao mzito hutokana na majivu ya mabua ya mpunga. Mdogo huyo, Miwa Jusetsu, aliendeleza aina ya udongo wenye mchanga mkubwa unaokwaruza mkono, mabakuli yanayoonekana kama mwamba uliomwagiwa theluji, na aliishi hadi mwaka 2012, akiwa na miaka 102.

Anayeanza kukusanya hashauriwi kuanzia huko. Aanze na kikombe kimoja cha chai ya kila siku. Aombe ruhusa, akishike kwa mikono miwili, akipime uzito, akigeuze atazame kitako, maana hapo ndipo udongo wenyewe unaonekana bila kupakwa kitu. Pete na saa avue kwanza. Katika chumba cha chai mgeni hufanya hivyohivyo. Akishakunywa huliweka bakuli juu ya mkeka, huinama karibu nalo na kulitazama, viwiko vikiwa chini, ili likiteleza lisianguke kutoka juu. Mkao huo unafaa kufundishwa mtoto yeyote aliyepewa kitu cha kuvunjika. Shule nyingi za Japani zina kilabu cha chai, na wanafunzi hukaa kwa magoti wakijifunza kukoroga unga wa kijani kwa kipekecho cha mwanzi.

Bakuli la mfinyanzi anayejulikana huuzwa na kisanduku chake cha mbao nyepesi ya mti wa kiri, kilichoandikwa kwa wino na mfinyanzi mwenyewe na kufungwa kwa utepe. Asiyejua hukitupa kama boksi la viatu. Kwa mkusanyaji, bakuli lililopoteza kisanduku limepoteza cheti cha kuzaliwa, na bei yake hushuka. Mabakuli ya kale huwa na kisanduku ndani ya kisanduku kingine, kwa kuwa mwenye mali mpya aliongeza chake bila kutupa cha yule wa kwanza.

Nyumbani, kazi ya kwanza ni ya jikoni. Chombo kipya cha Hagi kinaweza kutoa jasho, na kikiachwa na maji juu ya meza huacha duara la unyevu. Si kibovu. Wengine hukichemsha taratibu kwenye maji mazito ya mchele ili wanga uzibe vitundu. Kila kinapotumika hulowekwa kwanza kwenye maji ya vuguvugu, ili kinywe maji safi kabla ya kunywa chai. Sabuni yenye harufu ni adui, kwa sababu harufu huingia na haitoki. Baada ya kuosha, kikaushwe kwa siku kadhaa mahali penye hewa. Akirudisha bakuli bichi kisandukuni, mtu atalikuta limeota ukungu.

Na likivunjika? Japani kuna mafundi wanaounga vipande kwa utomvu wa mti na kupitisha unga wa dhahabu juu ya mwunganiko. Kazi hiyo huchukua wiki hata miezi, kwa kuwa utomvu hukauka polepole. Bakuli lililoungwa hivyo hurudi mezani.

Familia inayopanga safari ingejitahidi kufika siku za mwanzo za Mei. Wakati huo Japani ina sikukuu mfululizo, na Hagi hufanya gulio la vyombo vyake, ambako wafinyanzi na wauzaji wa mji hupanga mali zao chini ya paa moja na bei hupungua. Siku nyingine kuna karakana zinazomwachia mtoto afinyange kikombe chake mwenyewe. Hakichukuliwi siku ileile, kwani lazima kikauke na kuchomwa, kisha hutumwa kwa posta baada ya wiki kadhaa. Wanaosafiri mbali waulize kabla ya kulipa kama karakana hutuma nje ya Japani, maana si zote zinazokubali. Vilivyonunuliwa dukani visiwekwe kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege. Vifungwe ndani ya soksi za watoto na vibebwe mkononi.