Kujiandikisha Tena

Yako katika lugha yetu maneno madogo yabebayo mizigo mikubwa, na mojawapo ni neno "tena". Mtu asemapo "nitakimbia tena" ameahidi kurudi. Asemapo "sikimbii tena" ameaga. Neno ni lile lile, lakini katika sentensi ya kwanza lafungua mlango, na katika ya pili laufunga. Sisi walimu watatu wa Kiswahili, wa shule moja ya sekondari hapa Kampala, tumekuwa tukilizungusha neno hilo vinywani mwetu kwa majuma kadhaa, tangu ilipotangazwa kwamba wanaotaka kushiriki mbio ndefu za mwezi wa Novemba waanze kujiandikisha. Mwaka jana tulikimbia. Swali la mwaka huu ni kama tutakimbia tena ama hatukimbii tena. Tumeona si vibaya kuwashirikisha walimu wenzetu mazungumzo hayo, kwani twaamini kwamba hata yule asiyewahi kuvaa raba na kukimbia hatua mia amekwisha kukutana na swali la namna hii katika jambo jingine.

Mbio tunazozisema ni marathoni ya Kampala, iliyoanzishwa mwaka 2004. Siku yake ifikapo, Uwanja wa Kololo, pale bendera ya Uganda huru ilipopandishwa kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba 1962, hufurika watu waliovaa fulana za manjano. Walio wengi huenda kilomita 5 au 10, wakicheka na kupigana picha. Wachache huchagua kilomita 21, na wachache zaidi huchagua masafa kamili ya kilomita 42 na mita 195. Masafa hayo ya ajabu yalipatikana London mwaka 1908, njia ilipopimwa kuanzia kasri ya Windsor hadi mbele ya jukwaa la kifalme uwanjani. Na mwaka 1921 yakafanywa kuwa kipimo cha dunia nzima. Kwa hiyo mwalimu wa Kampala anayechechemea katika kilomita ya mwisho anateseka, kwa sehemu fulani, ili jamaa ya mfalme wa Uingereza ya zamani hizo ipate kuona vizuri.

Mji wetu umejengwa juu ya vilima, nao uko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ukimaliza kushuka kilima kimoja, kingine kinakungoja. Mgeni hudhani kwamba kupanda ndiko kunakoumiza. La, kupanda huchosha. Kuumiza ni kazi ya kushuka, kwa sababu misuli ya mapaja hulazimika kuubeba mwili huku ikivutwa, nayo huchanika kidogo kidogo. Kisha, yapata kilomita ya 30, akiba ya sukari iliyomo misulini huelekea kwisha. Mwili hauna budi kutegemea zaidi mafuta, ambayo huwaka polepole, na mkimbiaji huhisi kama mtu aliyefungiwa jiwe miguuni. Hayo yote tulikuwa tumeyasoma na kuyasikia kabla ya kuandika majina yetu mwaka jana. Lakini kusikia si kuona, na kuona si kuonja. Kwa hakika, kujiandikisha kwa mara ya kwanza hakuhitaji ushujaa mwingi. Mtu huandika jina lake kama anayeandika barua kwa nchi asiyoijua.

Tulimaliza sote watatu. Wa kwanza alikuwa dada yetu, mwalimu wa kidato cha tatu, aliyetumia saa 4 na dakika 40. Sisi wanaume wawili tulimfuata kwa mbali, mmoja kwa nusu saa na mwingine kwa zaidi ya saa nzima. Katika juma lililofuata tulikuwa tukishuka ngazi za ofisi ya walimu kinyumenyume, tukiwafurahisha sana wanafunzi. Katika juma la tatu maumivu yalikuwa yamekwisha, na tukaanza kuhesabu dakika ambazo tungaliweza kuzipunguza. Mwili husahau upesi kuliko daftari.

Sababu za kurudi hazikukosekana. Ipo sababu ya sadaka, kwani fedha za mbio hizi zimesaidia huduma za afya ya wazazi. Dada yetu alijibu kwamba sadaka yaweza kutolewa hata na mtu aliyeketi kitini, nasi hatukuwa na la kumpinga. Ipo sababu ya afya, ingawa kilomita 10 kwa siku tatu za juma zatosha kabisa kwa jambo hilo. Na ipo sababu ya mifano ya wakubwa, ambayo kwetu walimu ina nguvu zaidi ya zote.

Ni nani kati yetu asiyewahi kumtaja John Stephen Akhwari wa Tanzania alipofundisha insha juu ya uvumilivu? Mwaka 1968, huko Mexico, alianguka njiani akaumia goti, akaingia uwanjani akiwa wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Habari hiyo yajulikana ulimwenguni kote. Isiyotajwa sana ni kwamba mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari alisimama tena kwenye mstari wa kuanzia marathoni, akawa wa tano kwa saa 2 na dakika 15. Kwetu sisi hiyo ya pili ndiyo habari kubwa zaidi. Kuvumilia jambo ukiwa katikati yake ni adhimu, lakini kulirudia ukilijua ni adhimu zaidi.

Tunaye na wetu wa nyumbani. Stephen Kiprotich alishinda marathoni ya Olimpiki huko London tarehe 12 Agosti 2012, akaipatia Uganda medali ya dhahabu ya kwanza tangu ile ya John Akii-Bua ya Munich mwaka 1972. Mwaka 2013 alikimbia tena Moscow, akawa bingwa wa dunia. Mwaka 2016 alikimbia tena Rio de Janeiro, akawa wa kumi na nne. Kurudi, basi, hakuna mkataba. Anayerudi hukubali kwamba huenda safari hii akapata pungufu ya alichopata kwanza, naye hurudi hivyo hivyo.

Lakini mifano ya mashujaa ina upungufu wake. Hutuonyesha siku ya mashindano. Haituonyeshi alfajiri nyingi zilizoitangulia, wala watu waliobaki nyumbani wakishika kazi ambazo mkimbiaji aliziacha. Sisi alfajiri hizo tumekwisha kuzihesabu. Mtu wa kawaida atakaye kumaliza kilomita 42 bila kujidhuru anahitaji kujizoeza kwa majuma 16 hivi. Kwa hesabu ya saa 7 kila juma, hizo ni saa 112, yaani vipindi 168 vya dakika arobaini. Ada ya kujiandikisha ni kitu kidogo mbele ya hesabu hiyo. Tena majuma hayo huangukia mahali pabaya. Huanza mwezi wa Agosti na kuishia Novemba, katika muhula wa tatu, ambao ndani yake watahiniwa wa kidato cha nne hukalia mitihani yao ya taifa mwezi wa Oktoba na wa Novemba. Aidha, mtaala mpya wa sekondari, ulipoanza kutumika mwaka 2020, uliweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika vidato viwili vya kwanza. Tulililia jambo hilo kwa miaka mingi, nasi twalishukuru. Lakini walimu wa somo hawakuongezeka kwa kasi ya madaftari.

Hapo ndipo sarufi ilipotusaidia. Mwulize mwanafunzi yeyote: katika kitenzi "kujiandikisha", kiambishi "-ji-" chamrejelea nani? Atajibu, na atajibu sawasawa, kwamba chamrejelea mtenda mwenyewe. Lakini tulipoitazama ile hesabu ya saa 112 tuliona kwamba saa hizo si za mtenda peke yake. Ziko zilizo za mkewe au mumewe, ziko zilizo za watoto wake, ziko zilizo za darasa lake. Mtu huandika jina moja, na wengine watano huandikwa pamoja naye bila kuulizwa. Tukakubaliana kwamba kabla ya yeyote kutoa ada, kila mmoja aende kwanza kwa wale ambao saa zake zitatoka kwao, awaulize.

Wa kwanza kati yetu ana mtoto wa miezi mitano. Alipomwuliza mkewe, mama yule alifikiri kitambo, kisha akasema, "Kimbia, Baba Amina. Ila Jumapili ukirudi kutoka kwenye hizo kilomita zako, mtoto ni wako hadi jioni, na usingizi ni wangu." Mwenzetu akakubali. Tulimkumbusha kwamba mtu aliyekimbia kilomita 30 naye hutamani kulala. Akajibu kwamba hayo ndiyo masharti, na kwamba ameyakuta ya haki.

Wa pili alikwenda kwa darasa lake la watahiniwa. Alidhani watashangilia, na kweli walishangilia, hata msichana mmoja wa dawati la nyuma aliponyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, mwezi wa Oktoba insha zetu utazisoma saa ngapi?" Hakuwa na ufidhuli wowote. Aliuliza kama mtu aulizaye saa ya kengele. Mwenzetu alirudi ofisini akachukua kalamu na kuzipanga siku zake za Oktoba moja moja, akaona kwamba insha arobaini kila juma na kilomita 42 haziwezi kukaa katika chungu kimoja. Kilomita 21 zaweza. Mazoezi yake ya Jumapili hukoma saa mbili na nusu asubuhi, na mtu hubaki na macho ya kusomea.

Wa tatu ni dada yetu, aliye hodari kutushinda. Mama yake mzazi, aliyeko Masaka, alipatwa na kiharusi mapema mwaka huu. Wana wake wamegawana siku za kumwuguza, na zamu ya dada yetu ni tangu Jumamosi mchana hadi Jumapili jioni. Tulimwuliza kama amekwisha kuzungumza na mama. Alituambia kwamba hakumwuliza, wala hatamwuliza, kwa sababu anajua jibu: mama atamwambia akimbie. Tukasema labda angeweza kujizoeza huko huko Masaka alfajiri. Alitutazama kwa upole, akasema kwamba anayemgeuza mgonjwa usiku kucha hana kilomita 30 za alfajiri. Kisha akatuomba tusimhurumie, kwani hakuna aliyemnyang'anya kitu. Amechagua tu mahali pa kuwa siku ya Jumapili.

Tulinyamaza kitambo. Hatutaficha kwamba tulisikitika. Angekimbia, pengine angepunguza saa 4 na nusu, na sisi tungepata kumsimulia maisha yetu yote. Alikuwa amekwisha kuandika katika daftari lake dogo muda wa kila kilomita tano aliokusudia kuupata. Mwaka ujao upo, tulimwambia. Akasema ndiyo, upo, lakini mwaka ujao akipata nafasi ya kukimbia itakuwa kwa sababu mojawapo ya mbili, na moja ya sababu hizo haitaki kuifikiria. Tangu hapo hatukuutaja tena mwaka ujao.

Haya basi ndiyo maamuzi yetu, ambayo hatukuyapigia kura. Mmoja atakimbia kilomita 42 tena. Mmoja atakimbia 21. Mmoja hatakimbia. Yule wa kilomita 21 atachukua kipindi cha marudio cha Jumamosi cha dada yetu, ili yeye awahi teksi ya saa sita mchana na kufika Masaka kabla ya giza. Yule wa kilomita 42 atasaidia madaftari ya kidato cha kwanza siku za Jumatano, ambayo si siku yake ya mazoezi. Hayo tumeyaandika katika karatasi na kuibandika ukutani ofisini, kando ya ratiba ya mitihani. Swali lilikuwa moja na majibu yamekuwa matatu. Wala hatuoni kwamba mmoja wetu amekuwa shujaa kuliko mwenzake, wala kwamba mmoja amekata tamaa.

Wako wenzetu watakaosema kwamba tumefanya jambo dogo kuwa kubwa. Watu huandika majina yao kila siku katika mambo mengi: masomo ya jioni, vyama vya kuweka na kukopa, kamati za harusi, na hata uongozi wa chama cha walimu. Tunakubali, na ndiyo sababu tumeyaeleza haya. Mara ya kwanza mtu aweza kusamehewa kwa kutojua uzito wa alichokitia saini. Mara ya pili anajua kilomita ya 30 iko wapi, na anajua ni nani aliyebaki macho nyumbani siku zile. "Tena" yake ina thamani kwa kuwa ameisema akijua, na kwa kuwa waliomo ndani yake wamepata kuisikia kabla haijaandikwa.

Ndugu mwalimu, fomu za mbio huwa na nafasi kubwa ya jina la mkimbiaji, na chini yake nafasi nyingine ndogo ya jina la mtu wa kuarifiwa panapotokea dharura. Wengi huijaza hiyo ya pili mwishoni, tena mbiombio, wakitafuta namba ya simu. Twashauri ijazwe kwanza. Ukishaandika jina hilo, iweke kalamu chini, umwendee mwenyewe, umwulize.