Sindano ya Pua

Wazazi wenzangu, swali la sindano ya pua limenijia mara tatu tangu Mfunguo Mosi, na kila mara muulizaji ni binti aliyekwisha kuposwa. Dawa hiyo, asidi ya hayaluroni, hudungwa chini ya ngozi kuficha nundu ya pua au kuinua ncha. Haipunguzi pua, huijaza tu, na kwa kawaida baada ya miezi 6 hadi 18 matokeo yake huwa yamefifia. Ikiingia ndani ya mshipa wa damu, yaweza kuiua ngozi, hata kulipofua jicho.

Na sharia? Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani siku ya Kulab, zama za ujahili. Akaweka ya fedha, ikanuka, Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Basi aliyevunjika pua ana nafasi. Mabinti hawa hawana ila yoyote. Mmoja nilimwuliza ni nani aliyeiona mbaya pua yake. Akainama. "Mama mkwe, Sheikh."

Pua hiyo ni ya marehemu babake, niliyesoma naye chuoni. Nimeomba kuonana na huyo mama mkwe, pamoja na mwanawe.