Picha, Tarehe na Majina

Huku Uingereza, nilikojaaliwa kupata riziki, mtu mwenye picha nyingi katika simu na kompyuta huzitunza kwa kuitanguliza tarehe: folda ya mwaka, ndani yake folda za miezi, na jina la kila faili huanza kwa mwaka, ukafuata mwezi, kisha siku, ili kompyuta, ambayo haitambui arusi wala hitima bali tarakimu tu, izipange kwa tartibu bila ya kuamrishwa. Wengi hushika pia kanuni iliyoenezwa na Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, ya kwamba kila picha iwe na nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na nakala moja ikae mbali na nyumba, isije ikatokea moto au mwizi akazimaliza zote kwa mara moja. Hadhari hiyo naistahi, na laiti ingalishikwa katika nyumba zetu za pwani, ambako unyevu na chumvi hula karatasi, na simu ikipotea hupotea pamoja na miaka mizima ya maisha ya watu.

Walakini tarehe peke yake ni maarifa machache. Katika masoko ya vitu vikuukuu ya London huuzwa picha za maarusi na za watoto wa zamani, nyingine zina mwaka mgongoni kwa wino mzuri, ilhali hapana mtu pale sokoni awezaye kusema ni za nani.

Kwetu Unguja mambo ni kinyume. Picha zetu husafiri kwa WhatsApp, kutoka Muscat hadi Dar es Salaam hadi Toronto, na katika safari hiyo hupunguzwa ukubwa, huvuliwa tarehe na mahali zilipopigwa, na katika simu nyingi hupewa jina jipya lenye tarehe ya kupokelewa. Hata picha ya babu aliyesimama mbele ya kamera ya Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza katika Mji Mkongwe mwaka 1930, ikipigwa upya kwa simu na kupelekwa leo, huhesabiwa kuwa ya leo. Pamoja na machafuko hayo, mwonyeshe shangazi yangu picha hiyo, naye atakutajia aliyesimama na aliyeketi, mama zao, wake walioachwa na waliorejewa, na nyumba ambako viti viliazimwa. Fauka ya hayo, atakwambia ipi ionekane na ipi isitoke mlangoni: kwani picha za arusi upande wa wanawake, walipovua mabuibui wakajipamba, ni amana, na haifai zitiwe katika albamu ya mtandaoni inayofunguliwa na ukoo mzima, wanaume kwa wanawake. Katika mipango yote niliyofundishwa huku sikupata kuulizwa swali hilo, nami naliona ndilo la kwanza.

Kwa hiyo naona folda zetu zianze kwa ukoo na tukio, tarehe ifuate, japo iwe ya kukisia kama wanavyokisia wazee, kwamba hii ni kabla ya Mapinduzi ya 1964 na ile ni baada yake. Picha za stara zitengwe na ziwe na ufunguo wake. Na majina ya watu yaandikwe ndani ya faili yenyewe, katika sehemu ya maelezo iliyomo katika programu nyingi za picha, maadamu wenye kuyajua wangali hai na wana subira ya kuulizwa. Faili hiyo ikipelekwa kwa WhatsApp, ipelekwe kama waraka wala isipelekwe kama picha, ili maandishi yake yafike salama. Na picha ya karatasi inapochukuliwa nakala kwa skana, ichukuliwe mbele na nyuma, kwa sababu muhuri wa studio na mstari mmoja wa kalamu, pengine kwa herufi za Kiarabu ambazo wajukuu hawazisomi tena, aghalabu ndio ushahidi pekee uliobaki.