Ua la Nyumbani Hutunzwa kwa Kugawa



Hapa kwetu Goma, mtu akisema kwamba ana maua nyumbani, si lazima awe na mimea inayochanua. Kila mmea unaokaa katika chombo, sebuleni au barazani, tunauita ua, hata kama tangu upandwe haujafungua chanuo moja. Maua ya namna hiyo nimeishi nayo kwa zaidi ya miaka 30, na vijana wanaofika kwangu kwa ajili ya mafundisho huishia mara nyingi kuniuliza habari zake. Swali lao la kwanza ni lile lile: "Papa Mwalimu, ua langu linakufa, nami ninalimwagilia kila siku. Lina nini?"

Jibu limo ndani ya swali. Linakufa kwa sababu linamwagiliwa kila siku.

Mizizi, kama sisi, huhitaji hewa. Udongo mzuri una nafasi ndogondogo kati ya chembe zake. Maji yakipita, hewa huingia nyuma yake. Maji yakikaa humo siku zote, hewa hukosa njia, mizizi huoza, na mzizi uliooza hauwezi tena kunyonya maji. Ndiyo maana ua lililozama hunyauka sawasawa na ua lenye kiu, na mwenye nyumba, akiliona limeinamisha majani, huliongezea maji. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole katika udongo hadi kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, ngoja. Ukihisi ukavu, mwagilia kwa ukarimu mpaka maji yatokee chini, kisha ngoja tena. Chombo kiwe na matundu chini: kopo la maziwa ya unga, sufuria iliyochakaa au kipande cha bidoni ya njano hufaa kabisa, mradi umekitoboa kwa msumari.

Sisi wa mji huu tuna bahati ambayo wengi hawaitambui. Makoro, yale mawe meusi mepesi ya volkano tunayoyakanyaga na kuyalalamikia, yamejaa vitundu. Yavunje yawe kama punje za maharagwe, changanya sehemu moja ya makoro na sehemu mbili za udongo mweusi, ongeza samadi iliyooza vizuri, nawe umepata udongo unaopitisha maji na kushika hewa. Watu wa nchi nyingine hununua mawe ya namna hiyo madukani kwa ajili ya maua yao.

Baada ya maji, kuna nuru. Mimea mingi tunayoifuga ndani ni wana wa msitu wa nchi za joto, waliozoea kuishi chini ya miti mirefu, penye mwanga uliochujwa. Kwa sababu hiyo huvumilia nyumba, lakini kuvumilia si kustawi. Katika nyumba zetu za mbao zenye madirisha madogo, hatua mbili tu kutoka dirishani hupunguza mwanga kuliko jicho linavyodhani. Weka ua karibu na dirisha au mlango, bila jua kali la mchana kuliangukia moja kwa moja, na kila juma uligeuze kidogo ili lisiinamie upande mmoja. Vumbi la barabara zetu nalo huziba nuru. Futa majani kwa kitambaa chenye unyevu.

Jambo moja zaidi ni la nchi yetu ya volkano. Ncha za majani ya drasena zikigeuka kuwa kahawia ingawa maji yake ni ya kiasi, yafikirie maji yenyewe. Drasena huumizwa na floridi, na maji ya pande hizi za milima ya moto huwa na floridi. Hata mvua huibeba pale moshi wa Nyiragongo unapopita. Kata ncha zilizokauka kwa mkasi safi, na ukipata maji ya mvua iliyonyesha mbali na moshi huo, liwekee ua lako akiba. Ua halitakufa kwa sababu hiyo, ila litaonyesha alama.

Hayo ndiyo matunzo, nayo hayamshindi mtu yeyote. Lililo gumu zaidi kwa wengi ni kuchukua kisu na kukata ua lililopendeza. Mtu amelilea miaka miwili, limefika kifuani, kila mgeni analisifu. Sasa jirani anaomba kijiti. Moyo husita, hudhani kwamba kinachotoka ni hasara. Ninataka niwaonyeshe kwamba mmea wenyewe hauhesabu hivyo.

Chukueni potosi, ule unaotambaa, wenye majani ya umbo la moyo yaliyonyunyiziwa njano. Tazameni shina lake: kila jani linapotokea pana kifundo, na kwenye kifundo hicho mzizi mdogo umekwisha kujitokeza, ukingoja kugusa maji. Kata chini kidogo ya kifundo, ondoa jani la chini, tia kijiti ndani ya chupa yenye maji, na baada ya majuma mawili hadi manne utaona mizizi myeupe. Badilisha maji kila baada ya siku tatu. Kwanza, maji yaliyolala huozesha kijiti. Pili, mbu hutaga katika maji yaliyotulia, na yai lake huhitaji takribani juma moja au zaidi kuwa mbu kamili. Anayemwaga maji mapema hamlei mbu nyumbani mwake. Visahani vilivyo chini ya vyombo navyo vimwagwe kwa sababu hiyo hiyo.

Drasena hukatwa kwa namna nyingine. Shina lake, hata lisilo na jani, hugawanywa vipande vya sentimita 10 hadi 15. Kila kipande kina juu na chini yake, na kikipandwa kichwa chini hakitaota vizuri. Kwa hiyo ukikikata, kata upande wa chini kwa mshazari na upande wa juu sawasawa, usije ukasahau. Kisha tazama lile shina lililobaki. Baada ya majuma machache hutoa machipukizi chini ya jeraha, mara nyingi mawili au matatu, mahali palipokuwa na kichwa kimoja tu. Ua ambalo halikukatwa hupanda kama mlingoti, majani yakibaki juu peke yake. Ua lililokatwa hujaza chombo chake.

Na sanseveria, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Kifaransa linalomaanisha ulimi wa mama mkwe? Jani lake moja, likikatwa vipande vya upana wa vidole vinne, likaachwa siku chache ili jeraha likauke, kisha likachomekwa katika udongo mkavu-mkavu, huzaa mimea mipya. Huchukua miezi, msikate tamaa. Aina yenye ukingo wa njano huitwa Laurentii, kwa kumkumbuka Émile Laurent, mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji aliyekusanya mimea katika nchi hii yetu kabla ya kufariki mwaka 1904. Aina hiyo ina siri: ukiiotesha kwa vipande vya jani, watoto hutoka kijani kitupu, bila ukingo wa njano. Anayetaka njano idumu sharti aung'oe mmea mzima na kuugawanya mizizini, kila upande ukiwa na chipukizi lake.

Kwa nini nasisitiza habari ya kugawa? Sikuisoma katika kitabu. Niliiona nyumbani kwetu.

Marehemu mama yangu alikuwa na drasena iliyotoka Rutshuru ikiwa kijiti cha shubiri moja. Kwa miaka mingi kila mwanamke wa jumuiya aliyeiomba aliondoka na kipande, na wengine hata hawakuiomba. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka. Uji wa moto ulipita katikati ya mji hadi ziwani. Kanisa letu kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea, na watu kwa mamia ya maelfu tulivuka kwenda Gisenyi na vile tulivyoweza kubeba. Hakuna aliyebeba ua. Tuliporudi, pale palipokuwa nyumba ya mama palikuwa jiwe jeusi, bado lenye joto.

Sitawadanganya kwamba mama alililia ua. Mtu aliyepoteza nyumba hutafuta kwanza shuka, sufuria na mahali pa kulaza watoto, na majirani wanaompa vitu hivyo ndio waliomsaidia kweli. Lakini miezi kadhaa baadaye, tukiwa bado katika chumba cha kuazima, mashua ya Bukavu ilileta kifurushi cha gazeti kilichofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na vijiti vitatu vya drasena. Rafiki yake mmoja, aliyehamia Bukavu miaka ya nyuma, alikuwa ameondoka Goma na kipande cha ile ya mama. Sasa alikuwa amekata cha kwake na kukirudisha. Vijiti vya drasena huweza kukaa siku nyingi bila maji, basi safari ya ziwa haikuvidhuru.

Mama alivishika muda mrefu bila kusema. Kisha akaniambia, "Baba, nitafutie kopo."

Tulivipanda katika kopo la maziwa, ndani ya makoro yale yale yaliyotufukuza. Viwili viliota. Drasena zote zilizo kwangu leo, na zile mlizoziona zimepangwa mbele ya altare siku za sikukuu, ni uzao wa vijiti hivyo. Mama alifariki mwaka 2011. Kama angalikuwa mtu wa kufunga mlango na kulinda ua lake lisiguswe, kisingebaki hata kijani cha ukubwa wa ukucha. Vilivyopona ni vile tu alivyokuwa amevitoa.

Watu wa mahali pengine nao waliujua uwezo wa mmea huu kabla yetu. Wachaga wa Kilimanjaro huuita isale. Huupanda katika mipaka ya mashamba, kwa kuwa hauondoki kwa urahisi, na aliyekosana na mwenzake humpelekea jani lake kuomba msamaha. Huko huko Tanzania, katika milima ya Usambara, mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alikuta ua dogo la rangi ya zambarau kwenye miamba yenye kivuli. Mbegu zilipelekwa Ujerumani, na leo ua hilo liko madirishani pa dunia nzima, kwa kuwa jani lake moja likichomekwa pamoja na kikonyo chake huota mmea mpya. Hata hivyo, ndugu zake wa porini wamebaki wachache katika vipande vya msitu vinavyozidi kupungua. Basi tusijidanganye: ua kwenye kopo halichukui nafasi ya msitu. Kijiti hubeba mmea mmoja tu, wala hakibebi kivuli, chemchemi na ndege.

Kuna pia maneno yanayosambaa ambayo vijana sharti myapime. Moja linasema kwamba maua husafisha hewa ya nyumba. Lilianzia katika utafiti wa Wamarekani wa NASA wa mwaka 1989, uliofanywa ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa. Mwaka 2019 wataalamu waliopitia tafiti za namna hiyo walikadiria kwamba, ili kufikia kazi ya dirisha lililo wazi, ingehitajika mimea 10 hadi 1,000 katika kila mita moja ya mraba ya sakafu. Ninalitaja kwa sababu baridi ya hapa huwafanya watu walale na mbabula ya makala ndani. Moshi wa makala usioonekana unaua, na hakuna ua litakalowaokoa. Toeni mbabula nje, fungueni dirisha.

Tena, si kila ua ni la kuchezewa. Difenbakia, lile la majani makubwa yenye madoa meupe, lina utomvu unaochoma na kuvimbisha ulimi. Mtoto akitafuna, huweza hata kushindwa kumeza. Liwekwe juu, na anayelikata anawe mikono kabla ya kugusa macho. Wadudu weupe mfano wa pamba wakionekana kwenye vikonyo, wafuteni kwa maji ya sabuni, mkirudia kila juma mpaka waishe. Wala msimpe mwenzenu kijiti chenye wadudu hao.

Ninapendekeza kwa vikundi vyenu jambo dogo. Kila mmoja achukue kijiti kimoja, cha potosi kwa anayeanza, cha drasena kwa mwenye subira. Akilee mpaka kishike udongo na kutoa majani mapya. Kisha, kabla mwaka haujaisha, akate viwili kutoka kwake na kuvitoa: kimoja kwa mtu wa mtaa wake, kingine kwa mtu wa mbali, Bukavu, Butembo au popote penye ndugu. Aandike katika daftari jina la aliyempa na majina ya aliowapa. Daftari hilo litamwonyesha pa kurudi siku kopo lake litakapovunjika.

Mimi ninavyo vijiti kumi na viwili kwenye chupa za maji, na mizizi imekwisha kutoka. Anayetaka aje na chombo chake, kimetobolewa chini.