Ukuta wa Baba, Baraka

Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, niliijua kwa midomo ya watu kabla ya kuiona. Mama alivuka ziwa mwaka 1996, vita vilipofika Fizi, akiwa na mimba yangu. Baba alikuwa ameuawa. Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, Tanzania. UNHCR ilipoanza kurudisha watu kwa meli mwaka 2005, mama hakujiandikisha. Alisema hana wa kumrudia. Kisha shangazi, aliyetutangulia kurudi, akatuma ujumbe: njooni, nyumba ipo.

Tulipanda meli Kigoma. Rasi ya Ubwari ilipojitokeza, ile ambayo wavumbuzi Burton na Speke mwaka 1858 waliidhania kisiwa, wazee walisogea ukingoni wakaanza kutaja vijiji vyake kimoja kimoja, kama watu wanaoitana. Mama alinyamaza.

Nyumba yenyewe ilinishangaza. Ukuta mmoja ulikuwa wa matofali ya kuchoma, mweusi kwa moshi hadi juu. Kuta tatu zilikuwa za matofali mabichi, mekundu, hazijapigwa lipu. Kwenye pembe, fundi alikuwa amechomoa tofali moja akaacha moja, ukuta wa zamani ukabaki na meno, na matofali mapya yakaingia katikati yake. Nilipitisha kidole pale paliposhikana. Hadi leo, baada ya kuona majumba ya Uvira na Bukavu, sijaona ukuta mzuri kuliko ule.

“Wifi, fundi alitaka kuuvunja,” shangazi alimwambia mama. “Nikakataa. Ndugu yangu aliujenga na mikono yake. Mimi nimeongezea tu.”

Mama aliketi chini, akauegemea ukuta, akalia bila kujificha. Usiku ule, mbele ya ugali wa muhogo na mboga ya sombe, alinisimulia kwa mara ya kwanza jinsi baba alivyokufa. Alisimulia yote, na shangazi akajaza alipokwama. Nilikuwa nimeishi na kimya kile maisha yangu yote. Sikujua kilikuwa kizito kiasi gani mpaka kilipoondoka.

Baadaye mama alianza biashara ya ndakala, yaani dagaa. Alizinunua alfajiri kwa wavuvi, akazianika mchangani, akazipandisha Fizi kwa pikipiki siku za soko. Faida ilipotosha akaongeza chumba upande wa ziwa. Fundi akashauri nyumba nzima ipigwe lipu ifanane.

Safari hii aliyekataa ni mama.