Alishindwa mdahalo, hakuambiwa kwa nini

Mwaka jana binti wa dada yangu, yupo kidato cha tatu huku Bukima, Musoma Vijijini, alirudi nyumbani analia. Timu yao ilishindwa mdahalo. Nikamuuliza walikosea wapi. "Mamdogo, walitusomea alama tu."

"Mmeonewa," dada akasema. "Achana na midahalo, soma."

Nikawakumbuka wagonjwa ninaokutana nao kazini: mtu kapewa majibu ya kipimo, hakuelezwa maana yake. Anaondoka na hofu tu.

Nikamwambia arudie hoja zake, nikamrekodi kwa simu. Sauti nikamtumia rafiki yangu wa chuo aliyeko Dodoma, jaji wa midahalo wa miaka mingi. Mtandao ulisumbua, ikafika usiku. Kesho yake akajibu kwa sauti pia: "Mfano wako wa bei ya dagaa ni mzuri. Lakini mpinzani hukumjibu hata mara moja. Umehutubia, hukujadili."

Binti alisikiliza mara tatu, akachukua daftari.

Mdahalo uliofuata walishindwa tena. Safari hii hakulia. Alijua alipokwama, akaniomba nimrekodi upya.

Mzazi, mwanao akishindwa, usikimbilie kusema kaonewa. Mtafutie wa kumweleza. Simu uliyoshika inatosha kuanzia.