Njia Iliyofunikwa na Majani

Msomaji wangu, ukisimama Kangeta wakati wa alasiri utayaona magari ya miraa yakipita mbio kuelekea Meru, yamejaa magunia yaliyofunikwa kwa majani ya migomba. Haraka hiyo ina sababu, kwani miraa isiyomfikia mlaji katika muda wa siku mbili tatu hupoteza nguvu zake, na mwenye mali hula hasara. Lami wanayopita ndiyo barabara waijuayo watu wote. Lakini acha lami penye kona, utazame ubavu wa kilima, na huenda ukaona kama ngazi moja pana iliyochongwa katika udongo mwekundu, imeota majani. Hiyo ni barabara pia.

Nimejizoeza kuyatafuta mabaki ya namna hiyo kwa miguu, toka milima ya Nyambene hata mitelemko ya Mlima Kenya iliyo kati ya Meru na Embu. Dalili zake ni chache. Upande wa juu kuna ukingo uliosimama wima kuliko kilima chenyewe. Upande wa chini kuna udongo uliolundikana. Watu walichimba juu wakatupa chini, hata pakapatikana nafasi ya kupita gari moja. Hapa na pale njia hupanuka kidogo, ambapo gari moja lilisimama kulipisha jingine.

Ni nani waliochimba? Kituo cha serikali cha Meru kilianzishwa mwaka 1908 na E. B. Horne, ambaye wenyeji walimpa jina la Kangangi, yaani mtu wa kutangatanga. Sheria ya mwaka 1912 iliwapa machifu mamlaka ya kuwaita watu kazini bila mshahara, siku 6 katika kila miezi mitatu, yaani siku 24 kwa mwaka. Njia za miguu zikatengenezwa, na motokaa zilipozidi katika miaka ya 1920, zikapanuliwa. Vyombo vyao vilikuwa majembe, mapanga na vikapu, na wanawake nao hawakusazwa. Jina la Horne limo vitabuni, hata lile la utani. Majina yao hayamo.

Ndiyo maana napenda kuusoma mpindo wa njia yenyewe. Kati ya Embu na Meru iko mito mingi ishukayo mlimani: Ena, Thuci, Ruguti, Nithi, Mara, Mutonga. Barabara ya lami iliyojengwa katika miaka ya 1980, kati ya Thuci na Nkubu, imekata vilima na kuruka mabonde kwa madaraja makubwa. Ile ya zamani haikuweza. Ilipofika penye bonde iligeuka, ikafuata ubavu kuelekea juu mpaka mahali mto ulipokuwa mwembamba, ikavuka, kisha ikarudi ng'ambo ya pili karibu pale pale ilipotoka. Wako wasemao kwa mzaha kwamba mpimaji alikuwa amelewa. Mimi sikubali. Jembe haliwezi kukata kilima, basi hulizunguka.

Tena motokaa za siku zile zilikuwa dhaifu. Ford ya namna ya T haikuwa na pampu ya petroli. Petroli ilitiririka yenyewe toka tangini, na penye mwinuko mkali injini ilikosa mafuta ikazimika. Dereva aligeuza gari akapanda kilima kinyumenyume! Mvua iliponyesha, udongo huu mwekundu uliteleza kama sabuni, na msafiri alifunga minyororo katika magurudumu au alikaa kungoja jua.

Ukitaka kuyaona mabaki haya, usikawie. Mashamba yamegawanywa, na mwenye shamba aliyebakiwa na kipande cha njia isiyopitwa na gari hana sababu ya kukiacha bure. Hupanda migomba, au majani chai, na kila msimu jembe huushusha ule ukingo wa juu kidogo kidogo. Vipande vilivyosalia wazi ni vile wanavyopita watoto waendao shule, kwa maana huko hakuna gari la kuwakimbiza, na nyayo zao huzuia majani yasiote katikati.